Sheria ya mtu mmoja: jinsi Kongresi ya Marekani ilivyokuwa inawasafishia wanajeshi rekodi zao, na kwa nini siku hizi mbunge hawezi

Kuna ushauri unarudi rudi kila ikitajwa habari ya ndugu zetu walioingia jeshi la Marekani wakatoka vibaya. Mtu kaachishwa, kapewa karatasi ina maneno mabaya, kila akiomba kazi karatasi inamtangulia, basi watu wanamwambia nenda kwa mbunge wako akupelekee muswada Kongresi wakufutie. Wanaosema hivo hawajatunga, njia hiyo kweli ilikuwepo na ilitumika miaka mingi sana na kuna watu iliwaokoa. Ila ilifungwa 1946. Nimeona nieleze kwa kirefu kwa sababu mtu anaweza kukaa miaka anasubiria muswada ambao kwa kanuni zao wenyewe hauruhusiwi hata kupokelewa, na huku muda wake kwenye njia iliyo wazi unakwisha.

Kwanza jina lenyewe linachanganya. Sisi tukisikia muswada binafsi akili inaenda kwa mbunge asiye waziri aliyepeleka muswada wake mwenyewe, Dodoma au Nairobi, na ukipita unakuwa sheria ya nchi nzima. Hii ya Marekani ninayoisema ni kitu kingine kabisa. Ni sheria inayomtaja mtu mmoja kwa jina, au familia moja. Mabunge yote mawili yanaipitisha, rais anasaini, na sheria nzima unakuta ni aya moja tu inayosema fulani bin fulani alipwe kiasi fulani, au aruhusiwe kukaa Marekani, au ahesabiwe kwamba aliachishwa jeshi kwa heshima. Sheria zao wanazihesabu kwa orodha mbili, za umma peke yake na za watu peke yake. Kongresi ya 1905 mpaka 1907 ilipitisha za watu zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa za pensheni za wanajeshi, wakati za umma hazikufika hata 1,000. Mimi hapa nitaiita sheria ya mtu mmoja ili tusichanganyikiwe.

Sasa hiyo karatasi. Tangu 1950 mwanajeshi anayetoka anapewa fomu inaitwa DD 214, na ndani yake kuna mstari unaosema ametoka kwa namna gani. Juu kabisa ni kwa heshima. Chini yake kuna ile wanaiita ya jumla, bado ina heshima ndani yake ila sio kamili. Halafu inafuata ya chini ya heshima. Hizo tatu jeshi linakupa kiofisi tu, bila kesi. Mbili za mwisho, ya mwenendo mbaya na ile ya fedheha, zinatoka kwenye mahakama ya kijeshi kama adhabu, na ofisa yeye hapewi hizo, anafukuzwa tu. Usione ni maneno. Ukiwa na ile ya jumla bado unaweza kutibiwa kwenye hospitali za wastaafu wa jeshi lakini hela ya kusoma chuo hupati, ukiwa na ya fedheha umepoteza karibu kila kitu. Na mwajiri akiomba DD 214 yako anaona.

Turudi nyuma kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, maana mambo yalianzia huko. Jeshi la Kaskazini, yaani la serikali, lilipitisha watu zaidi ya milioni 2 na hesabu ilikuwa ya majina kwenye daftari, ukiitwa usipoitika unaandikwa haupo, ukikosekana muda mrefu unaandikwa mtoro. Fikiria mtu kajeruhiwa, kapelekwa hospitali jimbo lingine, huko wamemruhusu aende kwao akaugulie, karani wa kikosi chake hana habari, anaandika mtoro. Au vita imeisha, kikosi bado hakijavunjwa rasmi, kijana kaona kazi imekwisha kaenda zake kuvuna mahindi ya baba yake, kaandikwa mtoro. Watoro wa kweli walikuwepo wengi tu, sibishi, lakini kalamu ya karani haikuwa na namna ya kuwatofautisha. Miaka 25 baadaye yule kijana ni mzee mgonjwa, sheria ya pensheni ya 1890 inataka siku 90 za utumishi na kuachishwa kwa heshima, anaenda kuomba ndo anaambiwa wewe kwenye faili ni mtoro, huna chako.

Kongresi ilijaribu kutoa sheria za jumla, ile ya Machi 1889 iliipa Wizara ya Vita ruhusa ya kuondoa doa la utoro kwa watu wenye hali fulani zilizotajwa. Ambao hawakuingia kwenye hali hizo, au hawakuwa na ushahidi wa namna wizara ilivyotaka, walibaki na mlango mmoja, kumtafuta mbunge. Miswada ikawa maelfu. Rais Grover Cleveland alikuwa anakaa anaisoma yeye mwenyewe usiku, mmoja mmoja, na kwenye muhula wake wa kwanza alikataa kusaini miswada 414, sehemu kubwa ikiwa ya pensheni za mtu mmoja mmoja. Wastaafu wa vita walimchukia kwa hilo.

Ukisoma hizo sheria za rekodi utaona zinafanana kama zimetoka kwenye muhuri mmoja. Haisemi kwamba fulani hakuwa mtoro. Inasema kuanzia sasa, katika kutekeleza sheria zinazowapa wanajeshi haki na manufaa, huyu atachukuliwa na kuhesabiwa kuwa aliachishwa kwa heshima tarehe fulani. Halafu mwishoni wanaongeza kwamba hatalipwa malimbikizo yoyote ya mshahara wala pensheni ya kabla sheria hii haijapita. Yaani daftari la 1864 linabaki vile vile na neno mtoro lipo pale pale, kilichobadilika ni serikali kuamriwa ijifanye halipo. Watu wengi wanadhani ilikuwa ni kufuta. Haikufuta, ilifunika, na walikuwa na sababu, bunge linaweza kuamuru mtu atendewe vipi kuanzia leo lakini haliwezi kuamuru jana iwe nyingine.

Hata huko kufunika kulileta ugomvi mkubwa, na kesi inayoonyesha vizuri ni ya jenerali Fitz-John Porter. Alilaumiwa kwa kushindwa kwenye pigano la pili la Bull Run katika vita hiyo hiyo, Agosti 1862, wakamshtaki kwa kutotii amri, Januari 1863 mahakama ya kijeshi ikamfukuza. Akapigania jina lake zaidi ya miaka 20. 1878 iliundwa bodi ya maofisa kuchunguza upya, ikakuta hana kosa, tena kwamba alichofanya siku ile kiliokoa jeshi. Lakini bodi haikuwa na nguvu ya kubadili hukumu, ikabidi iende Kongresi. 1884 muswada ukapita, Rais Chester Arthur akaukataa, hoja yake ni kwamba kuteua ofisa wa jeshi ni kazi ya rais, na bunge likimtaja mtu kwa jina arudishwe cheo linakuwa limemteua lenyewe, na tena bunge sio mahakama ya rufaa ya mahakama za kijeshi. Baada ya miaka miwili Cleveland, huyo huyo mkali wa pensheni, akasaini. Porter akarudishwa kama kanali kwa tarehe ya 1861, bila mshahara wa nyuma, siku mbili baadaye akastaafu. Alikuwa anataka jina tu.

Ila Porter alikuwa jenerali, mzungu, amesoma West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, ana marafiki wanaokula na maseneta. Sasa mweke Henry Flipper pembeni yake. Na hapa ndo roho yangu inauma kwenye habari yote hii.

Flipper alizaliwa mtumwa Thomasville, Georgia, mwaka 1856. 1877 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza West Point, miaka minne wenzake wengi hawamsemeshi. 1881 akiwa Fort Davis huko Texas, luteni, anasimamia chakula cha kambi, pesa ikakutwa imepungua, zaidi ya dola 3,700. Alificha kwa mkubwa wake kwamba pesa haipo, hilo alifanya na alikiri. Watu wa mji ule na marafiki wakachanga, pesa yote ikarudi. Mahakama ya kijeshi ikamwachia kwenye shtaka la wizi, ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa ofisa, na Juni 1882 akafukuzwa jeshini. Wazungu waliofanya makosa makubwa kuliko hilo kipindi hicho walikuwa wanapewa adhabu nyepesi, hili limeandikwa baadaye na watu wa jeshi wenyewe.

Alienda akawa injinia, akafanya kazi Mexico na Venezuela, akatumikia hadi ofisi ya Waziri wa Mambo ya Ndani ya nchi. Kuanzia 1898 alikuwa anapeleka ombi lake Kongresi kupitia wabunge mbalimbali, muswada mmoja, mwingine, mwingine, miaka zaidi ya 20. Yote ikafia kwenye kamati. Hakuna aliyesimama akasema Flipper ana hatia, miswada ilikaa tu kwenye droo mpaka kipindi cha Kongresi kikaisha, na kikiisha muswada umekufa, unaanza upya na mbunge mpya kumweleza habari ile ile toka mwanzo. Flipper akafariki 1940.

Huo ndo ulikuwa udhaifu wa njia ile, na sioni namna ya kuupamba. Haki yako ilitegemea unamjua nani, unatoka jimbo gani, mbunge wako yuko chama gani, na kamati ilikuwa na hamu gani wiki hiyo. Watu wawili wenye kesi moja, mmoja anatoka na sheria yenye jina lake na saini ya rais, mwingine anakufa na karatasi yake ile ile.

Baada ya vita vya pili vya dunia mzigo ukazidi. Wanajeshi milioni kadhaa wanarudi, na wengi walikuwa wamepewa ile karatasi ya bluu, haikuwa ya heshima wala ya fedheha, ipo katikati haina maelezo, lakini ukiionyesha popote unakataliwa. Weusi walipewa kwa wingi kuliko idadi yao jeshini, na waliotuhumiwa kuwa mashoga pia. Gazeti la weusi, Pittsburgh Courier, liliipigia kelele sana 1945, jeshi likaacha kuitumia 1947. Kongresi tayari 1944, kwenye sheria ile ile iliyowapa wastaafu hela ya shule na mikopo ya nyumba, ilikuwa imeunda bodi za kupitia upya namna mtu alivyoachishwa. Haikutosha, maana bodi hizo zilikuwa na mipaka, hazikuweza kugusa hukumu za mahakama kuu ya kijeshi, ile ngazi inayosikiliza makosa mazito.

Ndipo tarehe 2 Agosti 1946 Rais Harry Truman akasaini sheria ya kupanga upya Kongresi. Ndani yake kuna vifungu viwili ambavyo lazima visomwe pamoja, ukisoma kimoja hutaelewa. Kifungu cha 131 kinasema hakuna muswada wa mtu mmoja utakaopokelewa wala kujadiliwa katika bunge lolote kati ya hayo mawili kama ni wa pensheni, au wa fidia ambayo mtu anaweza kuidai mahakamani, au wa kujenga daraja kwenye mto wa kupita meli, au wa kusahihisha rekodi ya jeshi. Mlango ukafungwa. Halafu kifungu cha 207 kinafungua mwingine, kinawapa mawaziri wa majeshi nguvu ya kusahihisha rekodi yoyote pale inapohitajika kuondoa kosa au kuondoa dhuluma, wakifanya kupitia bodi za raia.

Raia, sio maofisa. Yaani wanaoamua wasiwe wale wale waliokuwa wanakuamrisha. Na angalia lile neno la pili. Kosa peke yake lingemsaidia mtu ambaye karani aliandika vibaya, lakini dhuluma inamsaidia hata ambaye kila kitu kiliandikwa sawasawa, utaratibu ulifuatwa, ila alichotendewa hakikuwa haki. Na bodi hii, tofauti na ile sheria ya mtu mmoja, inabadilisha faili lenyewe, unapewa DD 214 mpya. Mwanzoni kulikuwa na utata kama serikali inaweza kulipa pesa zinazotokana na masahihisho hayo, 1951 sheria ikarekebishwa ikaruhusu malipo. Kwahiyo kile kipengele cha hutalipwa ya nyuma kilichowatesa wazee wa 1890 kikaondoka.

Flipper je? 1976 ndugu zake na mwalimu mmoja wa Georgia walipeleka ombi kwenye bodi ya jeshi la nchi kavu. Bodi ikasema haina uwezo wa kufuta hukumu, ila adhabu ilikuwa kali kupita kiasi na si ya haki, ikabadilisha, akahesabiwa ameachishwa kwa mwenendo mwema toka 1882. Hukumu yenyewe ikabaki mpaka Februari 1999 Rais Clinton alipompa msamaha, karibu miaka 59 tangu afariki. Hapo unaona vyombo vitatu na kila kimoja kina kazi yake, bodi inabadilisha rekodi, rais anasamehe hatia, Kongresi inatunga sheria. Kuvichanganya ndo kunapoteza watu.

Lakini isieleweke kwamba Kongresi haina tena mkono. Kuna kesi ya Brownsville, Texas. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906 risasi zilipigwa mjini, mtu mmoja akafa, lawama ikaangukia wanajeshi weusi wa kikosi cha 25, na maofisa wao wazungu walisema vijana walikuwa kambini. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza 167 bila heshima, wote, bila kesi hata moja. Seneta Joseph Foraker alipigana nalo akaambulia uchunguzi na 14 kuruhusiwa kurudi jeshini. 1971 mbunge Augustus Hawkins akapeleka muswada wa kundi zima, na kabla haujapita jeshi lenyewe 1972 likawapa wote kuachishwa kwa heshima. Pesa jeshi halikutoa, ikabidi Kongresi ipitishe sheria ya fidia 1973. Kati ya wale waliofukuzwa wasirudishwe alikuwa amebaki hai mmoja, Dorsie Willis, mzee aliyekuwa amepiga viatu rangi Minneapolis miongo mingi. Akapata dola 25,000. Muswada wa Hawkins ulifanya kazi kwa kusukuma tu, jeshi liliona bora lifanye lenyewe kuliko kulazimishwa.

Juzi hapa 2023 bodi ile ile iliyomsafisha Flipper ilipendekeza, na waziri wa jeshi akakubali, kufuta hukumu za wanajeshi weusi 110 wa kikosi cha 24 waliohukumiwa kwa ghasia za Houston za 1917, 19 kati yao walinyongwa.

Basi kwa mtu mwenye shida leo. Kuna milango miwili na fomu mbili. Fomu DD 293 inaenda bodi ya kupitia namna ya kuachishwa, hiyo ni ndani ya miaka 15 tangu utoke, na haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Fomu DD 149 inaenda bodi ya kusahihisha rekodi, hiyo inagusa mengi zaidi, muda wake ni miaka mitatu tangu ugundue kosa lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivo, na mara nyingi watu wanaogopa hiyo mitatu wanaacha kabisa kuomba, usiache. Kwa hukumu za mahakama ya kijeshi zilizotolewa chini ya sheria ya kijeshi ya sasa (za zamani kama zile za Houston hazimo), tangu 1983 bodi imebakiwa na uwezo wa kupunguza adhabu kwa huruma tu. Mzigo wa ushahidi ni wako, bodi inaanza kwa kuamini jeshi lilifanya sawa, kwahiyo barua ya kulia peke yake haitoshi, tafuta waliokuwa na wewe waandike, tafuta vyeti vya hospitali. Tangu waraka wa 2014 wa Chuck Hagel, aliyekuwa waziri wa ulinzi, na mwingine wa 2017, bodi zimeagizwa zimsikilize kwa upana mtu ambaye tabia yake iliharibika kwa majeraha ya akili ya vita, kuumia ubongo au kunajisiwa akiwa jeshini. Wakikukatalia unaweza kwenda mahakama ya shirikisho.

Na kama faili ni la zamani jua kwamba Julai 1973 jengo la kumbukumbu kule St. Louis liliungua, mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, mengi ya jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960. Ukiambiwa rekodi haipo usidhani wanakuficha, inabidi ujenge upya kwa karatasi nyingine.

Mbunge kazi yake iliyobaki ni barua. Ofisi yake inaweza kuuliza ombi limefika wapi, na ofisi ikiuliza inajibiwa, hilo litumie. Ila akikuahidi muswada wa kukusafishia rekodi, muulize kwa upole kuhusu katazo la 1946, lipo mpaka leo kwenye kanuni za mabunge yote mawili.

Kwa wenzetu walioingia na grinikadi kuna jambo moja la ziada na ni zito. Ukipata uraia kwa njia ya utumishi wa jeshi, halafu ukaachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla hujafikisha miaka mitano ya utumishi wenye heshima, uraia huo unaweza kufutwa, sheria iko hivo kwa waliopata uraia tangu mwisho wa Novemba 2003. Ile karatasi ya jumla haihesabiki humo, ya chini ya heshima inahesabika. Kwahiyo ofisa akikuwekea mbele fomu ya kukubali kutoka haraka haraka kwa ya chini ya heshima ili mambo yaishe, usisaini siku hiyo. Omba kuonana na wakili wa jeshi, ni bure, ongea naye kwanza.